Kutajwa Langoni

Miaka ile dhahabu ilipochachamaa Nyamongo, kila mwanaume wa Nyarero mwenye mikono miwili aliondoka, na nadhani hata mmoja au wawili wenye mkono mmoja. Mimi nilibaki. Ukiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nipo. Ng'ombe akivunja zizi, nipo. Mtoto wa kaka akipandisha homa, nipo, namfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake na kumpeleka zahanati huku wanawake wa kisimani wakinisalimia kwa heshima iliyopitiliza. Mwalimu akiita wazazi, nakwenda kwa niaba ya wazazi wote wa mji wetu, nakaa kwenye dawati dogo magoti yakinigusa kidevu, nasikiliza jinsi watoto wa kaka walivyo na akili kuliko wangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Cheti mama alikiweka chini ya godoro lake, na mpaka leo sijui kama alikuwa anakihifadhi au anakificha.

Kukaa kwangu nyumbani kulikuwa na sheria nyuma yake. Sisi Wakurya mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama, na mimi ni wa mwisho. Niliitumia sheria hiyo kama mvivu anavyoitumia mvua. Kaka ananizidi miaka minne na kichwa kizima kwa urefu. Yeye alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya ua, mke wake na watoto wake watatu humo ndani, na mwili wake mwenyewe Nyamongo, ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, siku tano kwa juma.

Nasema siku tano kwa sababu ya Sabato. Sisi ni watu wa kuishika Sabato, Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama, na kaka aliishika hata huko, mahali ambapo watu walikuwa wanachimba bila kujua ni siku gani. Kila Ijumaa mchana alitoka shimoni, akawaacha wenzake wakiendelea. Jiwe lililotolewa Jumamosi lilikuwa la wenzake peke yao, hata kama yeye ndiye aliyepasua mwamba kulifikia. Kila mtu kanisani alilijua hilo, kwa sababu alilitolea ushuhuda.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia, kwenye ushuhuda. Kila Sabato, baada ya masomo, kiongozi anauliza nani ana neno la kumshukuru Mungu. Kaka anasimama. Juma hili kamba imekatika, ameanguka, ameangukia mchanga. Juma lijalo shimo la jirani limetitia, yeye alikuwa ametoka kunywa maji. Juma linalofuata mganga amekuja kuchinja kuku mweusi juu ya duara, kaka amekataa kuchangia, na siku hiyohiyo wamekutana na mwamba wenye dhahabu. Kanisa zima linaitikia amina, wamama wanafuta macho. Kisha kiongozi ananigeukia mimi, mwalimu wa darasa la masomo, mtu aliyeandaa somo kwa juma zima, ananiuliza kama na mimi nina neno. Neno gani? Kwamba mbuzi amezaa? Niliwahi kusimama kushukuru kwa sababu mbuzi amezaa mapacha. Amina niliyoipata ilikuwa ndogo kuliko mbuzi mwenyewe.

Ijumaa jioni ndiyo ilikuwa inanichoma zaidi. Siku hiyo mji mzima unakimbizana na jua. Ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, unasongwa mapema, kuku anachemshwa, maji yanajazwa, watoto wanaogeshwa mpaka wanang'aa kama viatu. Jua likibakiza kama upana wa kidole juu ya kilima, mtu fulani anapiga kelele kutoka kwenye uzio: "Anakuja." Watoto wake wanamkimbilia, sawa, ni haki yao. Wangu nao wanakimbia. Mimi nimekuwa nao tangu Jumapili, nimewakata kucha, nimewafundisha kuzidisha, na hakuna siku mmoja wao alinyanyua kichwa kwa sababu nimetoka zizini.

Halafu inakuja bakuli. Firigisi, kila mtu anajua, ni ya mwanaume wa nyumba. Siku nyingine zote kuku akichinjwa firigisi ilikuwa yangu bila mjadala. Ijumaa mama aliichukua kwa kijiko chake mwenyewe na kuiweka juu ya ugali wa kaka.

"Ametoka mbali," alisema.

Mke wangu, ambaye ametoka Ringwani na ambaye Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa kitu kingine, aliniona ninavyoifuata ile firigisi kwa macho.

"Baba watoto," alininong'oneza, "ukitaka nikuwekee na wewe, nenda mbali kidogo. Hata pale kwenye migomba panatosha."

Lakini firigisi ningeivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni maombi ya Jumapili alfajiri.

Kaka aliondoka kurudi Nyamongo kila Jumapili kabla jua halijatoka. Mama aliamka kabla yake. Alimsindikiza mpaka langoni, akamwekea mkono kichwani, na ilibidi kaka apige magoti kwa sababu ya ule urefu wake, kisha akaomba. Mama hakuwa mtu wa maombi mafupi. Alimtaja kaka kwa jina lake, akaitaja miguu yake, mikono yake, macho yake, kamba atakayoishika, wale atakaokuwa nao shimoni, mwamba ulio juu ya kichwa chake, hata maji atakayokunywa. Aliomba kama mtu anayempa Mungu maelekezo ya njia. Sisi wengine tulisimama nyuma tumefumba macho, umande ukitupanda miguuni. Mwishoni kabisa, pumzi ikiwa imeanza kwisha, alisema, "Na hawa wa hapa nyumbani."

Ni hayo tu. Hawa wa hapa nyumbani, yaani mimi, mke wangu, watoto wa kaka, ng'ombe, na nafikiri mbwa pia.

Nilianza kuhesabu. Sio vizuri mtu kuhesabu maneno ya maombi ya mama yake, lakini nilihesabu. Kwa miezi mingi jina langu halikutajwa hata mara moja. Katika sala za jioni nyumbani mimi ndiye niliyeomba, kama mwanaume wa nyumba, na niliwataja wote mmoja mmoja, mke, watoto, mama, kaka na mwamba wake. Unapomaliza kuwataja wote unafika kwako mwenyewe, na kujitaja mwenyewe ni kama kujikuna mgongo, mkono unafika nusu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne na nilitaka mama yangu anitaje kwa Mungu kwa jina. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka dhahabu. Kama kungekuwa na njia nyingine ya kulipata jambo hilo bila kutoka nyumbani, ningeifuata.

Haikuwepo. Jumatatu moja jioni nikatangaza kwamba kesho naenda Nyamongo kutafuta.

Mke wangu alikuwa anapepeta wimbi. Hakuacha kupepeta.

"Kutafuta nini?"

"Maisha."

"Umeyapoteza wapi?"

"Wanaume wenzangu wote wako kule."

"Wewe ukilala nje ya kitanda chako unaumwa tumbo. Ulipokwenda Sirari kununua sukari, siku moja, ulirudi umekonda."

"Sikukonda. Nilichoka."

"Haya," alisema. "Nitakufungia viazi. Ukifika kwenye shimo, usianze kuwafundisha somo la juma, watakusukumia ndani."

Usiku ule mama alikwenda kulala mapema. Lakini alfajiri nilipotoka na mfuko wangu, alikuwa amesimama langoni na shuka lake la mabegani. Nilimwendea kama mtu anayekwenda kusoma matokeo ya mtihani. Nikapiga magoti, ingawa mimi sihitaji kupiga magoti, mama ananifikia vizuri tu. Mkono wake ukaja juu ya kichwa changu. Akanitaja jina langu la ubatizo, akaongeza na lile la Kikurya, ili kule juu pasiwe na makosa.

Kisha akaendelea.

"Bwana, huyu ndiye yule wa mwisho. Unajua ana kifua. Unajua baridi haimpendi. Bwana, huyu anaogopa giza tangu akiwa mdogo, na sasa ndevu zimeota lakini giza bado anaogopa. Miguu yake ni laini, Bwana, haijazoea mawe. Anakoroma, wasije wakamfukuza kwenye hema. Anajua vitabu, lakini kamba hajui. Mshikie kamba wewe."

Hapo majirani wawili wazee waliokuwa wanapeleka maziwa walikuwa wamesimama njiani, wamevua kofia zao kwa ajili ya maombi, mabega yakitikisika. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mimi sikujali. Nilitajwa mpaka kifua, mpaka mkoromo. Niliinuka nikatembea kwenda barabarani kama mtu aliyepandishwa cheo, na ni baada ya mwendo wa saa nzima ndipo nilipokumbuka kwamba sasa inabidi niende kweli.

Nyamongo sikuielewa. Nilizoea ardhi inayolimwa, hapa ilikuwa imegeuzwa nje ndani, vilima vya kokoto, maturubai, moshi, karasha zinazosaga mawe mpaka huwezi kusikia unachofikiri. Wachimbaji, wanaapolo kama wanavyojiita, walipita weupe kwa vumbi kuanzia nywele. Niliuliza kuhusu kaka kwa jina lake. Hakuna aliyemjua. Niliuliza tena, nikaonyesha urefu kwa mkono. Mama mmoja muuza uji akanitazama usoni.

"Ni yule wa Ijumaa? Anayeacha mawe ya watu akakimbilia kwenda kusali?"

"Huyohuyo. Ni kaka yangu."

"Pua ni moja," alisema. "Ila yeye anaonekana amefanya kazi."

Akanionyesha duara. Nilisubiri juu, pamoja na watu watatu waliokuwa wanavuta kamba, mpaka kichwa cha kaka kikatokea. Alitoka, akajipangusa macho, akaniona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Ule weupe wa vumbi ukawa na kitu kingine chini yake.

"Nani?" aliuliza.

Kwetu ukimfuata mtu kazini kwake, tena mbali, bila taarifa, maana yake ni moja. Simu hazikuwepo. Habari ya msiba ilikuja kwa miguu ya ndugu. Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne sikuwa nimelifikiria hilo.

"Hakuna," nilisema.

"Mama?"

"Mzima."

"Mtoto yupi?"

"Wazima wote. Na ng'ombe wazima. Nimekuja kufanya kazi."

Akakaa chini kwenye kokoto. Alikaa mikono imelegea juu ya magoti, kama mtu aliyeteremshwa mzigo akagundua mgongo bado unauma.

"Nani yuko nyumbani?" aliuliza.

"Mama yupo, mke wako yupo, mke wangu..."

"Mura," aliniita, yaani kijana kwa Kikurya. "Nimekuuliza nani yuko nyumbani."

Nyumbani niliposimulia maneno hayo baadaye, mke wangu aliuliza kama yeye ni kichaka, na alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini pale shimoni nilimwelewa kaka. Mwezi ule wezi wa ng'ombe walikuwa wamepita kwa jirani zetu wa juu.

"Unawaona hawa?" kaka alisema, akionyesha wale wa kwenye kamba. "Hawalali. Kila mtu anasikiliza kwao. Mke ana nini, mtoto ana nini, nani ameingia zizini. Mimi nikiweka kichwa chini nimelala. Wananiuliza nimetumia dawa gani. Nimelala kwa sababu wewe upo pale. Sasa leo nitalalaje?"

Ningepaswa kuguswa. Niliguswa, lakini baadaye. Kitu cha kwanza nilichokifikiria, na hapa nasema ukweli maana hakuna faida ya kuficha, ni kwamba ule usingizi aliutolea ushuhuda. Niliukumbuka vizuri. Alisimama mbele ya kanisa akasema kwamba katikati ya machimbo Mungu anampa usingizi kama wa mtoto, na amina ilitikisa mabati. Kumbe na mimi nilikuwa ndani ya ushuhuda ule, na hakunitaja.

"Ungesema kanisani," nilimwambia.

"Ningesema nini?"

"Kwamba ni mimi."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, na wale wa kwenye kamba wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Kwa kuwa nilikuwa nimefika, niliomba kushuka walau mara moja. Alinifunga kamba kiunoni. Kuna mashimo madogo ya kukanyagia yaliyochongwa ukutani, mguu huku, mguu kule. Nilishuka hatua nne. Katika ya nne kichwa changu kilikuwa bado kinaona mwanga, miguu yangu haikuwa inaona kitu chochote, na nikakumbuka kwamba mama alikuwa ameshamwambia Mungu kuhusu mimi na giza. Nikapanda.

"Mwalimu, umeona nini kule?" mmoja aliniuliza.

"Giza."

"Hilo ni letu sisi. Wewe jitafutie la kwenu."

Mchana uliobaki nilipasua mawe kwa nyundo pamoja na wanawake, ambao walikuwa wananishinda kasi na kunipa pole. Nililala chini ya turubai la kaka, au tuseme tulilala macho wote wawili, mimi kwa sababu ya mgongo, yeye kwa sababu nilikuwa pale. Kulipokucha alinipa viazi vyangu mwenyewe vilivyobaki na kunielekeza barabara, kana kwamba ningeweza kupotea. Jumatano alasiri nilikuwa Nyarero. Nilikuwa nimekwenda machimboni kwa siku moja na kipande.

"Umeshatajirika?" aliniuliza jirani wa maziwa.

Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba anapukuchua mahindi. Aliniangalia tangu nilipotokea kwenye kona mpaka nilipofika, hakunyanyuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndama wa yule mwekundu ana mafua. Kamwangalie."

Sabato iliyofuata kaka alisimama. Nilikaa sawasawa kwenye benchi. Alisema anamshukuru Mungu kwa kutembelewa na mdogo wake machimboni, na hapo nilianza kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kisha akasimulia zile hatua nne. Kanisa lilicheka mpaka kiongozi akaomba utulivu. Ndivyo nilivyoingia katika ushuhuda wa kaka.

Jumapili alfajiri tukasimama tena langoni. Kaka akapiga magoti. Miguu yake, mikono yake, kamba, mwamba, maji. Mimi nilisubiri. Nilikuwa nimeshatajwa mara moja, njia ilikuwa imefunguliwa. Pumzi ya mama ikaanza kwisha.

"Na hawa wa hapa nyumbani."

Kaka alipopotea kwenye migomba nilibaki na mama. Nilikuwa nimeamua kutosema kitu, na nikasema.

"Mama, mimi huwa huniombei."

"Nakuombea. Nimekutaja juzi mpaka nikachoka."

"Kwa sababu nilikuwa nasafiri. Nikiwa nyumbani huniombei. Yeye kila juma."

Hakushangaa. Nadhani mama huwa anajua watoto wake wanahesabu nini.

"Yeye simwoni," alisema. "Akivuka pale kwenye migomba simwoni tena mpaka Ijumaa. Namwambia Mungu, mtazame, mimi siwezi. Wewe nakuona. Asubuhi nakuona, mchana nakuona, ukikohoa nasikia. Nimwambie Mungu akutazame, mimi nimekaa hapa nafanya nini?"

Ni jibu zuri. Ningelisikia kwa mtu mwingine ningelitumia darasani. Lakini lilinituliza kwa kipimo tu. Ijumaa iliyofuata firigisi ilipopita mbele yangu niliifuata kwa macho kama kawaida, na alfajiri za Jumapili niliendelea kusimama kwenye umande nikiwa na kinyongo changu kidogo nilichokitunza vizuri. Mtu anaweza kuelewa jambo na bado likamkera. Mke wangu alisema kama wivu ungekuwa unasagwa kwenye karasha, tungekuwa na nyumba ya ghorofa.

Kaka aliacha machimbo mwamba wake ulipokauka, akafungua duka Sirari. Alirudi nyumbani kila Ijumaa kama zamani, sasa akiwa na mkate wa Kenya badala ya vumbi, na kila Jumapili mama alimsindikiza langoni. Miaka ikaenda. Macho ya mama yakaanza kupata ukungu, kwanza moja, kisha la pili. Hospitali walisema wangejaribu, wakajaribu. Akawa anatambua watu kwa hatua zao, baadaye kwa sauti tu. Alfajiri za Jumapili nilimshika mkono mpaka langoni, nikambebea na kigoda chake.

Jumapili moja kaka alipopiga magoti, mama alimwekea mkono kichwani kama kawaida, akanyamaza. Tulidhani amesahau maneno. Kisha akataja jina langu, la ubatizo na la Kikurya. Akanitaja kabla ya kaka. Akaitaja miguu yangu, kifua changu, mikono, njia ya zizini na njia ya kisimani. Akasema, "Bwana, mtazame popote alipo."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, nimeshika kigoda. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo nusu ya maisha yangu, na sasa lilipokuja nilitaka lirudi lilikotoka, lipewe kaka lote, na firigisi juu yake.

"Mama," nilisema, "nipo hapa."

"Najua," alisema. "Nyamaza, nimalize."